Taya likilia na kuuma: lini utulie, lini ukimbilie hospitali

Mama mmoja wa kata ya Kasokola, Manispaa ya Mpanda, ametuuliza kuhusu binti yake aliye kidato cha tatu. Binti analalamika kwamba akitafuna, taya linalia "ka!" upande wa kulia, na maumivu yanapanda hadi sikioni. Ameshatiwa dawa ya masikio mara mbili bila nafuu. Jirani anasema ni gego limeoza, ling'olewe. Bibi anasema ni minyoo, maana usiku mtoto anasaga meno. Mama anauliza: nimsikilize nani?

Swali hili si la mama huyu peke yake. Maumivu ya taya ni ya kawaida kwa watu wazima na kwa vijana, lakini wengi wetu hatujui kuwa taya lina kiungo kama goti au kiwiko, na kwamba kiungo hicho kinaweza kuchoka, kuteguka au kuvunjika. Yapo maumivu ya taya yanayopona kwa uji na kitambaa cha moto. Yapo mengine ambayo kila siku ya kuchelewa ina gharama kubwa, hasa kwa mtoto. Leo tuyatenganishe.

Kiungo chenyewe kiko wapi?

Weka vidole vyako viwili mbele kidogo ya matundu ya masikio, kisha fumbua na kufumba mdomo taratibu. Unasikia kitu kinasogea chini ya vidole? Hicho ndicho kiungo cha taya. Kiko kimoja kila upande, na viwili hivyo lazima vifanye kazi pamoja kama ng'ombe wawili wa jembe moja. Mmoja akichechemea, mwenzake anaumia.

Kati ya mfupa wa taya la chini na fuvu kuna kisahani kidogo laini kinachozuia mifupa kusuguana. Unapofumbua mdomo, taya huzunguka kwanza, halafu husogea mbele pamoja na kisahani chake. Kisahani kikitoka kidogo mahali pake na kurudi, ndipo unapotokea ule mlio wa "ka!".

Sasa kaza meno huku umeshika mashavu. Misuli inayotuna hapo, pamoja na ile ya kwenye panja, ndiyo inayotafuna. Mara nyingi maumivu ya taya hayatoki kwenye mfupa wala kwenye jino, yanatoka kwenye misuli hiyo iliyofanya kazi kupita kiasi.

Kwa kuwa kiungo kimepakana na tundu la sikio, ubongo huchanganya. Mtu anasema sikio linauma, kumbe sikio ni zima. Mwaka 1934 daktari mmoja wa Marekani, James Costen, aliandika juu ya wagonjwa wake waliolalamika maumivu na kelele za masikioni, kumbe tatizo lilihusiana na taya. Baadhi ya maelezo yake kuhusu chanzo yalikataliwa baadaye, lakini jambo moja limebaki: sikio likiuma na mhudumu akilichungulia akakuta ni safi, taya nalo liangaliwe.

Kwa nini linauma?

Mara nyingi hakuna sababu moja. Mambo madogo madogo hujikusanya:

– Kusaga au kukaza meno, usiku ukiwa umelala au mchana ukiwa na mawazo. Mwanafunzi anayekaribia mtihani, mama mwenye madeni na baba asiye na kazi hukaza meno bila kujua.

– Kazi ngumu ya taya: kumenya muwa kwa meno, kutafuna mahindi makavu ya kuchoma, mihogo mibichi, nyama ngumu, au bazoka kutwa nzima.

– Kutumia meno kama kifaa: kufungua soda, kukata uzi, kung'ata kucha na kalamu.

– Kufumbua mdomo sana kwa muda mrefu, kama wakati wa kung'olewa gego la nyuma.

– Kuumia: kuanguka, ajali ya bodaboda, ngumi au kofi. Wazazi wenzangu, tulisikie hili la kofi. Shavu unalolipiga limebeba kiungo cha taya na sikio. Mtoto aliyekosea aelekezwe, asipigwe usoni.

Tatizo hili huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume, hasa kuanzia ujanani hadi umri wa kati. Kwa hiyo binti wa kidato cha tatu kulalamika si ajabu wala si kisingizio cha kukwepa shule.

Mlio bila maumivu

Hapa nitulize mioyo ya wengi. Taya linalolia tu, bila kuuma, bila kukwama, na mdomo unafumbuka vizuri, kwa kawaida halihitaji matibabu. Watu wengi wanaishi nalo hadi uzeeni. Usimzungushe mtoto hospitali kwa ajili ya mlio peke yake, na mkataze kulichezea taya kwa makusudi ili wenzake wasikie.

Kipimo cha vidole vitatu

Mwambie mtoto asimamishe vidole vyake vitatu vya kati (cha shahada, cha kati na cha pete), avipange kimoja juu ya kingine, kisha avipitishe katikati ya meno ya mbele ya juu na ya chini. Atumie vidole vyake mwenyewe, si vyako. Vikipita, taya linafumbuka vizuri. Vikipita viwili tu kwa shida, au kimoja, kuna kizuizi na aonwe na mhudumu.

Halafu simama mbele yake, mwambie afumbue mdomo polepole. Angalia kidevu. Kikishuka wima, sawa. Kikienda kombo upande mmoja, upande huo una shida ya kusogea. Mhudumu atataka kujua hilo.

Tiba ya nyumbani

Ikiwa hakuna uvimbe, hakuna homa, hakuna kuanguka na hakuna jino lililotoboka, mpumzishe taya kwa wiki mbili hadi tatu. Mguu ukiteguka tunaupumzisha. Taya tunalisahau kwa sababu tunakula kila siku.

Chakula kiwe laini: uji, ugali laini na mchuzi, ndizi na viazi vilivyopondwa, maharage yaliyoiva sana, samaki aliyetolewa miiba, mayai, maparachichi. Muwa, bisi, karanga kavu na mahindi ya kuchoma vingoje. Tunda gumu likatwe vipande vidogo badala ya kung'atwa.

Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto ambayo mkono unaweza kuyavumilia, kamua, weka shavuni dakika kumi hadi kumi na tano, mara mbili au tatu kwa siku. Baada ya hapo sugua misuli ya shavu na panja taratibu kwa ncha za vidole.

Mfundishe mkao wa kupumzika: midomo imefumba, meno ya juu na ya chini hayagusani, ulimi umelala juu nyuma ya meno ya mbele. Wengi hushangaa kusikia hivyo, lakini meno yanatakiwa kukutana wakati wa kutafuna na kumeza tu. Muda mwingine wote yanapaswa kuachana. Mwanafunzi anaweza kuchora alama ndogo kwenye daftari, kila akiiona ajiulize: meno yangu yamegusana?

Akipiga miayo, aweke ngumi chini ya kidevu kuzuia mdomo usifunguke mno.

Maumivu yakizidi, parasetamoli inatosha kwa wengi, kwa kipimo cha umri na uzito wake. Usichanganye dawa mbili au tatu za maumivu ulizouziwa dukani bila kuelezwa, na usimpe mtoto aspirini bila kuagizwa na daktari.

Watu wengi hupata nafuu kwa hatua hizi tu. Zikipita wiki tatu hakuna mabadiliko, nenda kwa daktari wa kinywa na meno.

Mambo ya kuacha

Dawa ya sikio isirudiwe bila sikio kuchunguzwa kwa kifaa. Na mafuta ya moto, maji ya majani au kitu kingine chochote kisimiminwe sikioni.

Jino zima lising'olewe kwa kubahatisha. Jino bovu lina dalili zake: linauma likiguswa na maji ya baridi au ya moto, linauma likigongwa, lina tundu, au fizi imetunga usaha. Magego ya mwisho, yanayoota kuanzia miaka 17 hivi, nayo huweza kuvimbisha fizi na kukaza taya. Daktari akague kwanza. Ukishang'oa jino zima, huwezi kulirudisha, na maumivu yatabaki palepale.

Kuhusu minyoo: mtoto apewe dawa ya minyoo kwa ratiba ya shule au kituo cha afya, ni jambo jema. Lakini kusaga meno si kipimo cha minyoo. Watoto wengi husaga meno usiku na huacha wenyewe wanapokua. Kama mtoto anakoroma sana, analala mdomo wazi na anaamka amechoka, mpeleke akaangaliwe koo na pua, maana shida ya kupumua usingizini inaweza kuendana na kusaga meno.

Na shavu lisichanjwe chale. Wembe hauwezi kurudisha kisahani mahali pake. Unachoweza kuleta ni usaha na maradhi ya damu.

Basi mama wa Kasokola, jibu lako ni hili: kabla ya dawa ya tatu ya sikio na kabla ya koleo la kung'olea jino, mpime binti kwa vidole vitatu, mlaze taya kwa chakula laini na kitambaa cha moto, na umuulize kwa upole nini kinamsumbua shuleni. Ukaguzi wa meno ufanyike pia, ili kama kuna gego bovu lijulikane kwa kuonekana, si kwa kudhaniwa.

Mtoto aliyeanguka akapiga kidevu

Sasa nije kwenye jambo linalopita kimya kimya katika nyumba nyingi. Mtoto anaanguka kutoka kwenye mwembe au baiskeli, kidevu kinapasuka. Tunakimbia zahanati, kidevu kinashonwa, damu inakatika, tunashukuru Mungu, tunarudi nyumbani.

Lakini kidevu kikigonga chini, nguvu husafiri kwenye mfupa wa taya hadi kwenye kiungo karibu na sikio. Pale kuna shingo nyembamba ya mfupa inayoweza kuvunjika huku kwa nje kukionekana kidonda kidogo tu cha kidevu. Mtoto anakula kwa shida siku chache, kisha anazoea. Miezi inapita. Kiungo kilichoumia kinaweza kuanza kushikana, mfupa ukaungana na mfupa, na mdomo ukazidi kuwa mdogo mwaka hadi mwaka hadi mtoto anakula kwa kupenyeza chakula kwenye pengo la meno. Kwa kuwa taya la mtoto hukulia pia karibu na kiungo hicho, uso unaweza kukua kombo au kidevu kikabaki nyuma. Ikifika hapo inahitajika operesheni kubwa.

Haya yote mara nyingi yanaweza kuzuiwa. Mtoto akiumia kidevu, muulize mhudumu: "Na viungo vya taya mmeviangalia?" Mwangalieni kama meno yanakutana kama zamani, kama kidevu kinakwenda kombo, kama anaumia ukibonyeza mbele ya sikio, kama sikio limetoa damu. Mojawapo ikiwepo, apigwe picha ya mionzi. Watoto wadogo waliovunjika hapo mara nyingi hawahitaji kisu. Wanahitaji chakula laini, uangalizi, na mazoezi ya kufumbua mdomo mapema kama watakavyoelekezwa. Endelea kumpima kwa vidole vitatu kila wiki kwa miezi kadhaa. Usaha wa sikio usiotibiwa nao unaweza kufika kwenye kiungo na kukiharibu, kwa hiyo sikio linalotoa usaha lisiachwe "likauke lenyewe".

Shavu linalovimba haraka

Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote za mataya. Muda mfupi baadaye alimwona mwingine Jinja. Akaanza kufuatilia. Mwaka 1958 akaandika kuhusu saratani hiyo ya watoto, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakaendesha gari kuukuu safari ya kilomita zipatazo 16,000 kupitia nchi za Afrika Mashariki na Kusini, Tanganyika ikiwamo, wakiuliza hospitali kwa hospitali: mnawaona watoto wa namna hii? Waligundua kuwa ugonjwa uko zaidi kwenye maeneo ya joto na mvua, yaleyale yenye malaria nyingi. Mwaka 1964 wanasayansi wa London, wakitumia sampuli kutoka Uganda, walikuta ndani yake kirusi ambacho sasa kinajulikana kwa majina ya wawili wao, Epstein na Barr.

Kirusi hicho karibu sote tunakipata utotoni bila madhara. Malaria ya mara kwa mara ndiyo inayoaminika kumwandalia mazingira mabaya. Kwa sisi wa Katavi, ambako mbu si wageni, ni sababu nyingine ya kumlaza mtoto ndani ya chandarua.

Ugonjwa huu si wa kila siku, lakini mzazi aujue kwa sababu unakua kwa kasi kubwa, siku hadi siku. Huwapata zaidi watoto wa miaka minne hadi saba, ingawa wakubwa kidogo nao hupata. Dalili zake: shavu au taya linavimba ndani ya siku na wiki, mara nyingi bila maumivu makali mwanzoni; meno yanalegea ingawa hayajatoboka; jicho linaweza kutokeza; au tumbo linavimba. Hatari ni kwamba unafanana na jipu la jino. Jino lililolegea linang'olewa, mtoto anapewa vidonge, familia inasubiri, uvimbe unazidi.

Kwa hiyo shika kanuni hii: shavu la mtoto lililovimba lisipopungua ndani ya wiki moja ya matibabu, au likizidi kukua wakati anatumia dawa, usisubiri dozi nyingine. Mpeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi, uombe aangaliwe na kupewa rufaa ikibidi, iwe Mbeya, Bugando au Muhimbili. Ugonjwa huu unasikia dawa. Watoto wengi hupona wakiwahi na wakimaliza matibabu yote. Uvimbe ukiisha baada ya dozi za kwanza, usimtoroshe wodini ukidhani amepona.

Si kila shavu lililovimba ni hilo. Matubwitubwi huvimbisha chini ya masikio, pamoja na homa, na huisha kwa siku kumi hivi. Chanjo ya surua na rubela wanayopata watoto wetu haikingi matubwitubwi, kwa hiyo mtoto aliyechanjwa bado anaweza kuugua.

Wakati wa kukimbia

Usingoje asubuhi ukiona mojawapo ya haya:

– Taya linakaza halifunguki, shingo na mgongo vinakakamaa, hasa baada ya kidonda au, kwa kichanga, baada ya kitovu kukatwa au kupakwa kitu kichafu. Hiyo inaweza kuwa pepopunda, inaua. Kinga yake ni chanjo kwa mama mjamzito, na ile ya watoto katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

– Uvimbe chini ya taya na homa, mate yanadondoka, kumeza au kupumua ni shida. Usaha wa jino unaweza kushuka shingoni na kuziba njia ya hewa.

– Mdomo umebaki wazi haufungi, labda baada ya miayo au kicheko. Taya limechomoka. Usilipige wala kulivuta. Mtulize mgonjwa, shikilia kidevu kwa kitambaa, mwende hospitali. Mhudumu anayejua hulirudisha kwa vidole gumba, kwa namna inayofanana na ile iliyoandikwa na matabibu wa Misri ya kale zaidi ya miaka 3,500 iliyopita.

– Babu, bibi au mzazi anaumwa taya pamoja na kifua kubana, jasho jembamba au pumzi kukata, hasa akifanya kazi. Huo unaweza kuwa moyo.

Ukifika kwa mhudumu

Foleni ni ndefu na muda ni mfupi, kwa hiyo nenda na majibu. Yaandike kwenye simu: maumivu yalianza lini, aliwahi kuanguka au kupigwa, vidole vingapi vinapita, kidevu kinakwenda kombo upande gani, kuna uvimbe, na umekua kiasi gani tangu uuone, dawa gani ameshatumia. Kama kuna uvimbe, mpige mtoto picha ya uso kila baada ya siku mbili, mahali palepale na mwanga uleule. Mhudumu akiziona picha tatu zilizofuatana hatahitaji maelezo marefu kujua kama uvimbe unakua au unanywea.

Jioni ya leo, kabla ya kula, waiteni watoto wote mezani au mkekani, kila mmoja apime vidole vyake vitatu. Watacheka sana, na nyinyi mtajua. Tukutane wiki ijayo.